Mbwa Aliyekulilia, Kabange

Mpendwa Kabange,

Ulipoondoka ulikuwa bado unasoma kwa kidole, na neno likiwa refu ulikuwa unaligombeza kana kwamba limekukosea. Nitajitahidi nikuandikie maneno mafupi. Nikishindwa, mwombe mtu akusomee. Huko uliko naamini hawakosekani walimu.

Nakuandikia kwa sababu ya mbwa wako. Juma hili ilinibidi nichague tena kati yake na mtoto wa mbwa wa mbegu, wale wa mjomba wako, na safari hii hukuwepo kubishana nami. Yaliyotokea uani nimeshindwa kumweleza baba yako, nimeshindwa kumweleza na mchungaji. Nimeona nikuambie wewe, kwa kuwa jambo lenyewe ulilianzisha wewe.

Nianze na siku ile mjomba Ilunga aliposhuka kwenye lori la kutoka Kolwezi, suruali imejaa vumbi na uso umejaa majivuno, amekumbatia katoni ya sabuni. Ndani mlikuwa na mtoto wa berje, wale mbwa wakubwa wa ulinzi wa Kizungu. Mbwa wa mbegu hasa, mama yake na baba yake wanajulikana, amechanjwa, amenenepa, nyayo zake kubwa hazilingani na mwili. Dada yako Kyungu alipiga kelele mpaka majirani wa kambi nzima ya reli wakatoka nje. Wewe ulikuwa umeketi kwenye ngazi ya saruji, miguu imefungwa kitenge changu, maana krizi, yale maumivu yako ya mifupa, ilikuwa imekuachia siku zile zile na vidole vyako vilikuwa bado vimevimba.

Kambo, mama yake baba yenu, alisimama mlangoni na lungo lake la kupepetea. Hakumtazama mbwa. Alimtazama mjomba.

"Ilunga, umeleta ngapi?"

"Moya, mama."

"Ya nani?"

"Ya batoto."

"Batoto gani? Hawa ni mapasa. Mapasa habapewake kintu kimoya. Weye ulikomalia wapi?"

Mjomba alichungulia tena ndani ya katoni, kana kwamba angemkuta wa pili. Unakumbuka ulivyocheka? Ulicheka ukashika kifua, nami nikakukataza, kwa sababu wakati ule nilikuwa nakukataza hata kucheka.

Ile sheria ya Kambo wewe uliijua kuliko katekisimu. Mimi ilinibidi nijifunze ukubwani. Kwetu sisi watoto wa reli, baba ametoka Kasai na mama ametoka upande wa Kalemie, pacha walikuwa watoto wawili waliokuja pamoja, basi, hakuna neno zaidi. Ni katika ndoa hii nilipofundishwa kwamba mapasa ni watu wa namna yao. Ukimpa mmoja yai, mpe na mwenzake. Ukimshonea mmoja gauni, kata kitambaa mara mbili. Hata ukimchapa mmoja, yule mwingine umguse kidogo na fimbo asione ametengwa. Kyungu alikuwa akifanya utundu wake kwenye mapera ya jirani, na wewe uliyeketi kimya siku nzima unaguswa na fimbo kwenye goti, na Kyungu ndiye anayelia kwa aibu. Kambo alisema pacha akiona mwenzake anapendelewa huingia uchungu, akiingia uchungu huugua, akiugua huenda zake. Mimi fundi wa nguo sikuona taabu. Kupima mara moja na kukata mara mbili ndiyo kazi yangu.

Kitu kimoja tu hakikugawanywa sawa. SS, ule ugonjwa wa damu, ulikuja kwako peke yako. Dada yako alikuwa anapanda miti, na wewe ulikuwa unauliza kama leo kuna baridi. Nilikuwa na hofu ya mvua, hofu ya maji ya kuoga, hofu ya shule, hofu ya ndoto zako. Ulikuwa ukikohoa, mguu wangu unaacha pedali ya cherehani.

Basi mjomba akaiweka katoni chini akasema, "Hakuna tatizo, mama. Uyu iko na ndugu yake kule Kolwezi, wamezaliwa siku moya. Nitamutuma na lori." Kambo akatabasamu. Mbwa mapasa kwa watoto mapasa! Alipiga makofi. Lakini aliyefurahi kuliko wote nilikuwa mimi, na hukujua kwa nini. Nilikuwa nimechoka kuishi na dawa, Kabange. Nilitaka ukae karibu na kitu kizima. Nilitaka uwe na mnyama mwenye mifupa minene, mwenye chanjo zake, ambaye ukimwekea mkono mgongoni unasikia nguvu. Nilifikiri kama mjinga kwamba afya yaweza kuambukiza kama inavyoambukiza homa.

Ndipo uliposema kutoka ngazini, kwa ile sauti yako ndogo isiyoomba radhi kwa mtu:

"Minyi niko na yangu tayari. Iko ku gare."

Sote tukageuka.

Hatukujua lolote. Gare, stesheni yetu, ni pale mbele ya kambi, na kwa kuwa hukuweza kukimbia na wenzako ulikuwa umejitafutia mahali pako kwenye kivuli cha ghala, unaangalia watu wanaongojea gari moshi. Na kungojea, hapa Kamina, ni kazi ya kutwa. Familia moja ilikuwa imekaa pale siku nyingi, watu waliokimbia vurugu za upande wa Malemba-Nkulu, na magodoro yao, na sufuria zao, na mbwa. Gari moshi la Lubumbashi lilipokuja lilikuwa limejaa mpaka milangoni. Watoto walipitishwa madirishani. Mbwa hakupitishwa. Uliniambia baadaye kwamba alilikimbilia gari moshi mpaka mwisho wa jukwaa na mbele kidogo, halafu akarudi polepole akaketi mahali pale pale palipokuwa magodoro. Tangu siku hiyo ulikuwa unakata tonge la bukari yako katikati, nusu unaificha kwenye mfuko wa gauni. Nami nilikuwa najiuliza ni kwa nini mifuko yako ina unga mkavu.

Jioni nilikubeba mgongoni kwenda kumwona. Mungu wangu, alikuwa mbaya! Upele umemla mpaka masikioni, mbavu waziwazi, mguu wa nyuma haukanyagi. Alipokuona alijaribu kutikisa mkia, na mwili mzima ukayumba nao.

"Kabange, hii imbwa itakufa," nilikuambia.

"Hayakufa bado."

"Ile ya mujomba iko na afya. Iko na nguvu. Weye unatafuta ya kukuliza kila siku? Ukilia sana, krizi inarudia."

Ulishuka mgongoni mwangu, ukaketi karibu naye. Ulifikiri. Kisha ukaniuliza, bila hasira, unamkuna mbwa nyuma ya sikio pale pasipokuwa na kidonda:

"Mama, kama mbele ya kuzaliwa bangekuonesha minyi na Kyungu, bakuambie uchague moya tu, ungechagua nani?"

Hata leo nikikumbuka swali hilo nasikia joto usoni. Nilikujibu upesi, maana ningekawia ungeona. "Mutoto habachaguake. Mutoto, Mungu anakupatia tu."

"Basi na uyu alitupatia."

Nilikupandisha mgongoni, na yule mbwa akatufuata kwa miguu yake mitatu, anapumzika, anafuata. Baba yenu alikuwa amerudi kutoka karakana, mafuta ya mabehewa mpaka kwenye viwiko. Alimtazama mbwa, akakutazama wewe, akanitazama mimi. "Papa, anaweza kubakia?" ukamwuliza. Baba yenu si mtu wa maneno. Akasema, "Tutaona." Na hilo likawa jina la mbwa. Mjomba alicheka mpaka alipopanda lori la kurudi Kolwezi, akituambia tumemwacha mbwa wa mbegu tukachukua wa jalalani. Kambo hakucheka. Alisema mbwa ni wawili, sheria imetimia, sura si kazi yake.

Nikwambie ukweli, nilingojea afe. Nilikuwa nikiamka nachungulia uani nikidhani nitamkuta amekauka, na nilikuwa nimeshatayarisha maneno ya kukutuliza. Hakufa. Wewe na Kyungu mlimpaka mafuta ya mawese na majani ya Kambo, akanuka nyumba nzima, na manyoya yakaanza kuota moja moja kama nywele za mzee. Rex, yule berje wa Kyungu, akawa mbwa mkubwa mzuri, wapita njia wanasimama kumwangalia. Ila moyo hakupewa. Mbuzi wa jirani akiingia uani, Rex anaingia chini ya meza yangu ya kukatia nguo na kuitikisa mpaka mkasi unaanguka. Ni Tutaona aliyetoka na mguu wake mbovu kumfukuza mbuzi, halafu anarudi analala miguuni pako kama aliyetumwa dukani akarudi.

Vichwa vya samaki ulikuwa unavigawa mwenyewe. Sahani mbili, vichwa sawa, na kama kimoja ni kikubwa unakikata kwa kisu. Nilikuambia mbwa hawajui mambo ya mapasa. Ukaniambia, "Banajua. Angalia vile banaangaliana." Na kweli walikuwa wanaangaliana.

Siku za krizi, Tutaona ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua. Kabla hujaniambia kwamba mifupa inauma, yeye ameshapanda kitandani, jambo ambalo nililikataza kwa fimbo na kwa matusi, na ameshalaza tumbo lake la joto juu ya miguu yako. Nilimfukuza mara ngapi? Mwisho nilichoka. Nilikuta joto lake linakusaidia kuliko chupa yangu ya maji ya moto, kwa sababu chupa hupoa. Kuna mchana mmoja wa mvua niliingia chumbani na kuwakuta mmelala wote wanne, wewe, Kyungu, Tutaona na huyo mwoga Rex, kwenye kitanda cha watu wawili. Nilisimama pale na kanda yangu ya kupimia shingoni, sikumfukuza yeyote. Nikiambiwa leo nichague saa moja ya kurudishiwa, nitaomba hiyo.

Mwaka jana mvua zilipoanza uliugua, na sisi tulidhani ni krizi kama nyingine. Damu ilipatikana, baba yako alitoa na wenzake wa karakana wakatoa. Hakuna aliyekosa kufanya kazi yake. Ni wewe uliyechoka, mwanangu. Niliona umechoka. Uliniuliza kama Kyungu amekula, nikakuambia amekula, ukasema, "Basi muzuri," ukageuka upande wa ukuta. Nilidhani umelala.

Nilitaka kupiga kelele. Kambo alinishika mdomo kwa kiganja chake, akaniambia sikioni, "Mama mapasa, usilie. Ukilia, unamuita na mwengine." Wewe unajua, maana ulifundishwa: pacha haliliwi. Akiondoka mmoja, yule aliyebaki anasimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mguu mmoja nje, na machozi ya mama ndiyo yanayomvuta nje. Nilikuwa na Kyungu mmoja tu aliyebaki. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nilimeza kilio changu.

Basi hukuliliwa, Kabange. Wakati mchungaji alipomaliza sala zake, wanawake wa kwa baba yenu walikuimbia nyimbo za mapasa, zile za matusi zilizokuwa zikiwachekesha sana wewe na Kyungu, wakajipaka udongo mweupe usoni, wakacheza na majani mikononi. Mimi nilicheza mbele yao. Nilicheza kwenye kilio cha mtoto wangu. Ndugu zangu wa reli walinitazama kama mwenda wazimu, na mwanamke mmoja jirani alisema bila kuficha sauti kwamba mama huyu ana moyo wa chuma. Nilimsikia. Nikazidi kucheza.

Aliyelia alikuwa mmoja. Tulipotoka na sanduku lako, Tutaona alikwenda akaketi kwenye ngazi ya saruji, akainua pua juu, akalia. Hakubweka. Alilia, sauti ndefu, anapumua, anaanza tena. Kambo akapiga kelele, "Munyamazisheni! Munyamazisheni, anamuita!" Wakamtupia mawe. Alihama akaenda nyuma ya choo akaendelea.

Na hakuacha. Kila mchana, watoto wa shule wanaporudi na yeye akishawatazama wote wakapita, alikuwa akilia. Nikwambie kitu cha aibu? Nilimwonea mbwa wivu. Nilikuwa nakaa kwenye cherehani, nashona sare za watoto wa watu, na mbwa anafanya pale nje kazi ambayo ilikuwa yangu. Shule ilipokaribia kufunguliwa nilishona sare ya Kyungu, na kwa kuwa sheria haiishi na mtu, nikashona na ya kwako. Kipimo chako sikuwa nacho tena. Ningekupimaje? Nilikata kwa kukisia ungekuwa umerefuka kiasi gani. Imekaa kwenye kabati, imepigwa pasi.

Lakini kilichonitisha ni Kyungu. Aliacha mapera. Akahamisha mkeka wake kwenda kulala kwa Kambo. Ukimsemesha anajibu, "Ndiyo mama," "Hapana mama," kama mtoto aliyeletwa kufanya kazi. Chakula alikuwa anakizungusha sahani nzima bila kukila, na shingo yake ikaanza kuwa nyembamba kama yako. Nilikuwa namwangalia anavaa nguo nilizomshonea mwenyewe zinazidi kumpwaya, nazipunguza pembeni, zinapwaya tena. Nikasema, haya, ameanza kwenda. Sijalia hata tone na bado anakwenda.

Kambo aliona nilichoona. Alinijia na kuketi chini, jambo ambalo halifanyi mbele ya mke wa mwanawe, akasema, "Weye haulie. Minyi silie. Ni imbwa njo inalia. Ile imbwa itoke." Na kwa sababu mbwa lazima wawe wawili, akamwambia baba yenu ampigie simu mjomba alete mwingine. Safari hii hata mimi sikubisha. Nilikubali, Kabange. Ndugu wa baba yenu anayelima kule Mulongo alikuwa hapa ameleta samaki wakavu, akasema atamchukua Tutaona arudi naye kwao, mbali, ambako hata akilia hakuna wa kumsikia. Nilisema ndiyo. Kati ya mbwa wako na dada yako sikuwa na cha kufikiri.

Ikafika Jumapili. Mjomba alikuja na katoni, ndani mna berje mdogo wa kike, mdogo wake Rex wa tumbo jingine, mzuri, macho yanang'aa. Mjomba hakuwa na majivuno tena. Alimwinamia Kyungu akamwambia, "Angalia, ni ya Kabange hii." Kyungu alificha mikono nyuma ya mgongo.

Yule ndugu wa Mulongo alimfunga Tutaona kamba shingoni. Tutaona akajilaza. Akavutwa, akawa mzito. Wakasema, mama mapasa, mvute wewe, wewe anakujua. Nikaichukua kamba. Na unajua alifanya nini? Aliinuka. Aliniona ni mimi, akainuka, akaanza kunifuata na mguu wake mbovu, bila kuvutwa, kamba imelegea kati yetu. Alidhani tunakwenda mahali. Mimi niliyengojea afe, niliyemfukuza kitandani, alinifuata mpaka karibu na lango bila kuuliza.

Niliketi chini kwenye mchanga, na vazi langu la kanisani, na kile nilichokuwa nimekimeza tangu mvua za mwaka jana kikatoka chote. Nililia kwa sauti, Kabange. Nililitaja jina lako. Nililia mpaka Rex akakimbilia chini ya meza. Kambo alikuja mbio akiburuza kitenge, akanifunika mdomo, naye macho yamemtoka, "Nyamaza! Nyamaza, weye mwanamuke, mutoto iko hapa, mutoto anakuangalia!" Nikajaribu kunyamaza. Wallahi, kama wasemavyo wenzetu, nilijaribu. Nikawa namtafuta Kyungu kwa macho nione kama ameanguka.

Hakuanguka. Alikuja akaukamata mkono wa Kambo, akauondoa mdomoni mwangu kidole kimoja kimoja. Kisha akasimama mbele yangu na kunitazama usoni, akanigusa shavu penye maji, kama anayepima kitambaa kama kimelowa kweli.

"Mama," akasema, "minyi nilizania haukumupendaka."

Akavitazama vidole vyake vilivyolowa.

"Nilisema, pengine na minyi nikikufa, mama atacheza."

Kambo aliketi chini pale pale aliposimama. Nilimvuta dada yako mapajani, mtoto mkubwa hivyo, miguu inaburuza mchangani, na akalia. Hakuwa amelia tangu ulipoondoka. Alilia kwa sauti inayofanana na yako hata nikashindwa kujua ninambeba nani, nami nikalia naye, na ndugu wa Mulongo akawa anaangalia viatu vyake, na Tutaona alisimama katikati yetu na kamba yake shingoni, kimya, hakulia. Baba yenu alitoka ndani. Alimfungua kamba mwenyewe. Kambo, bado yuko chini, akamwambia mjomba wako kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Rudisha ile mutoto ya imbwa, Ilunga. Hawa batoto biko na imbwa yabo mbili." Halafu akajifunika kichwa kitenge, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Mbwa wako yuko. Mwanzoni nilidhani nimekuandikia kukuambia hilo tu. Lakini kuna jambo jingine. Nilimlinda dada yako kwa kukunyima wewe machozi yangu, na yeye kila siku alikuwa akiketi mezani kwangu akihesabu kwamba hana mama. Siwezi kumlaumu Kambo, naye alikuwa na wajukuu wawili akabaki na mmoja. Siwezi hata kujilaumu vizuri, maana ningerudishwa siku ile, na Kyungu amesimama pale mlangoni, pengine ningemeza tena. Lakini nakuomba radhi wewe, uliyeondoka nyumbani kwako bila kusikia mama yako akikulilia. Kama ulisimama mahali ukasikiliza, ukasikia ngoma na matusi na sauti ya mbwa tu, sasa ujue. Nilikuwa humo. Nilikupenda, na nimevunjika, na nimechelewa kukuambia.

Nakuaga sasa, mwanangu, ingawa wanasema pacha haagwi. Wakisema wamesema. Kyungu ameketi hapa mbele ya cherehani, amegoma kwenda kulala mpaka nimalize, anasoma kila mstari juu ya bega langu na kunisahihisha. Ameona ninalia na hajashtuka. Leo amekula bukari yake yote, akaomba ya pili.

Mimi,
mama yenu